Koti kwenye Kiti

Nilizungumza Jumamosi moja asubuhi, Dar es Salaam, mbele ya vijana wanaobuni programu za afya na maofisa rasilimali watu wachache waliokubali kuamka mapema siku ya mapumziko. Waliokosa wameniomba maneno yenyewe. Haya hapa, karibu yote. Picha za ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni.

Najua mnachotarajia. Mtu akialikwa kuzungumzia madhara ya kukaa, kwanza huwainua watu wote, wananyoosha mikono, wanacheka kidogo, halafu wanakaa saa nzima kumsikiliza akiwaambia kwamba kukaa ni kubaya. Mimi sitawainua. Anayetaka kusimama asimame, anayetaka kuegemea ukuta aegemee. Na nyie mliochelewa mkakosa viti huko nyuma, msinung'unike, leo nafasi nzuri mmezipata nyie.

Nina swali moja la kuanzia. Nani hapa amewahi kufanya kazi kwenye ofisi yenye koti?

Mnacheka. Basi mnalijua. Koti la suti, limevalishwa mgongo wa kiti tangu saa mbili asubuhi. Mwenyewe yuko Kariakoo anafuatilia mambo yake. Mgeni akimuulizia anajibiwa, "Yupo, hajaenda mbali, si unaona koti lake?" Saa tisa mwenyewe anarudi, analivaa, anaaga. Sitaji ofisi. Kila mmoja ana yake kichwani.

Hilo koti naomba mlitunze, nitalihitaji baadaye.

Nianzie mbali kidogo, kwenye mabasi ya ghorofa ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu madereva na makonda wa mabasi hayo. Hebu wafikirieni: watu wa basi moja, wa tabaka moja, wanavuta moshi uleule. Dereva amekaa. Konda anapanda na kushuka ngazi za basi siku nzima akikata tiketi. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na hata waliougua, ugonjwa uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na haukuwa mkali kama wa wenzao. Wakalinganisha pia makarani na wale wanaosambaza barua, hadithi ikawa ileile: aliye nyuma ya meza ndiye aliyeumia.

Nampenda Morris kwa jambo jingine. Hakuridhika. Yeye na wenzake walikwenda kutazama vipimo vya suruali za sare, wakakuta madereva, hata walio vijana kabisa, walikuwa na viuno vipana kuliko makonda. Maana yake sehemu ya ile tofauti huenda waliingia nayo kazini, hawakuipewa na usukani. Mtafiti aliyeshika matokeo mazuri mkononi, kisha akaenda kuchungulia suruali ili ajipinge mwenyewe, huyo mfuateni.

Tangu hapo ushahidi umekuwa mwingi, nitagusa kidogo tu. Mwaka 2012 David Dunstan na wenzake kule Australia waliwakalisha watu saa 5 mfululizo, na siku nyingine wakawaacha wakatishe kukaa kwa kutembea taratibu dakika 2 kila baada ya dakika 20. Sukari iliyopanda damuni baada ya mlo ilipungua kwa takriban robo. Kwa dakika 2! Taratibu! Halafu mwaka 2016 Ulf Ekelund na wenzake waliunganisha takwimu za watu zaidi ya milioni 1, wakaona kwamba anayefanya mazoezi ya wastani dakika 60 hadi 75 kila siku, ile hatari ya kufa mapema inayoambatana na kukaa saa nyingi humwondokea. Habari njema, sivyo? Haya, nani hapa jana alipata dakika 75?

Mkono mmoja. Na huyo ni mlinzi wa ukumbi.

Kuna kosa nililolirudia miaka mingi na lazima niliungame. Nilikuwa nasimama mbele ya watu kama nyie nikisema, "Babu zetu hawakukaa! Walikuwa mbioni kutwa kucha!" Makofi yanapigwa. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake wakachapisha vipimo vya Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, hapahapa kwetu, watu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Walifungwa vihisi mapajani, vile vidude vinavyonasa mkao na mwendo wa mtu. Mnajua hupumzika muda gani kwa siku? Karibu saa 10. Sawasawa na karani wa Ulaya. Nilipoisoma nilitamani niwarudishie watu makofi yao. Lakini Mhadzabe hapumziki kwenye kiti. Anachuchumaa, anapiga magoti, na misuli ya miguu yake inaendelea kufanya kazi hata akiwa ametulia. Na akiinuka, anatembea kwelikweli. Tangu siku hiyo sihubiri tena dhidi ya kupumzika. Ugomvi wangu ni na kiti.

Sasa tuje kwenye kazi zetu. Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu wawili tulitengeneza programu ya simu. Ilipendeza macho, ina rangi ya kijani na katuni ya mtu anayetembea. Kila dakika 30 inatetema na kuandika: "Simama! Tembea kidogo." Mtu angeuliza, kwa nini 30? Kwa nini isiwe 20, au 47? Nawaambia ukweli: kwa sababu 30 ni namba inayokaa vizuri kwenye tangazo. Shirika la Afya Duniani lenyewe, lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2020, lilisema watu wazima wapunguze muda wa kukaa, na halikutaja saa wala dakika, kwa kuwa ushahidi wa kuweka mpaka haukutosha. Sisi vijana watatu tukauweka. Tulikuwa na wenzetu wakubwa kwenye dhambi hiyo. Hizi hatua 10,000 mnazozikimbiza kila siku zilianza kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Lilikuwa jina la biashara. Likatembea dunia nzima mpaka likaonekana agizo la daktari.

Tukaipeleka programu yetu kwenye ofisi moja mjini. Ukumbi mkubwa, meza zimepangwa safu, watu wanaingiza taarifa kwenye kompyuta kutwa. Na hapo ndipo shule yetu ilipoanza.

Siku ya pili tu nikatazama takwimu. Dada mmoja wa uhasibu, programu inasema hajainuka tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Nikashtuka. Nikamwendea: "Dada, u mzima?" Akanishangaa. Alikuwa ameshuka ghorofa tatu mara nne kupeleka hati. Simu ilikuwa wapi? Kwenye pochi. Pochi iko wapi? Droo ya chini, imefungwa kwa ufunguo. Gauni halina mfuko! Tulikuwa vijana watatu wanaume, wote tunavaa suruali za jinzi, hatukuwahi kuwaza kwamba kuna nguo isiyo na mfuko. Tulikuwa tumeipima droo kwa umakini mkubwa, na droo kweli haikuinuka.

Mwingine, kaka wa masjala, muda wake mrefu wa kukaa ulikuwa kati ya saa sita na nusu na saa saba na robo, na tena alasiri. Mtu yuleyule, kila siku, muda uleule. Mnajua alikuwa wapi? Msikitini. Anatawadha, anasimama, anarukuu, anasujudu, anarudi. Simu ameiacha mezani kwa adabu. Mtu aliyekuwa akiinuka na kuinama kuliko sisi sote, programu yetu ilimwandika kuwa ndiye mvivu wa kwanza.

Ndiyo maana watafiti wanaojali hufunga kihisi pajani. Paja likilala, umekaa; paja likisimama, umesimama. Saa ya mkononi haijui hilo vizuri, maana mkono wa aliyekaa na mkono wa aliyesimama akichapa kompyuta ni mkono uleule. Sasa, kumwambia mtumishi wa Dar es Salaam afunge kidude pajani katika joto la Februari, jaribuni nyie mtaniambia. Lakini basi tusiseme tunapima kukaa wakati tunapima simu.

Na la tatu, hili liliniuma. Kuna mwenzetu pale anatumia kiti mwendo. Programu ilimwambia "Simama!" mara kumi na tano kwa siku, wiki nzima. Hakulalamika. Alinionyesha skrini huku anacheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko matusi. Kampuni ya Apple iliyobuni saa inayowakumbusha watu kusimama ilishaliona hili mwaka 2016 ikaweka ukumbusho mwingine kwa wanaosukuma magurudumu. Sisi tulikuwa tumeiga arifa, hatukuiga marekebisho.

Haya yote tuliyarekebisha. Tukaweka mahali pa kusema "nilitoka bila simu", tukabadili maneno, tukatoa lile "Simama". Programu ikawa bora. Na watu hawakuinuka.

Narudia: programu ikawa bora, na watu hawakuinuka.

Nikaenda kukaa kwenye ule ukumbi, kona ya nyuma, nitazame tu. Saa nne na nusu, simu zinatetema juu ya meza kama nyuki. Vrrr, vrrr. Mikono inanyooka, inazima. Hakuna hata mmoja aliyeondoka kitini. Nikamuuliza binti aliyekuwa karibu yangu, "Mbona huinuki?" Akatazama kwanza mlango wa mkuu wa kitengo, kisha akanijibu polepole, "Kaka, hapa anayeinuka-inuka anaonekana hana kazi."

Sasa leteni lile koti.

Kwa nini mtu aache koti kitini? Kwa sababu kiti kitupu ni ushahidi wa utoro. Kwa miaka na miaka ofisi zetu zimempima mtu kwa kiti chake. Akikijaza, yuko kazini, hata kama anacheza karata kwenye kompyuta. Akikiacha, anazurura, hata kama amepeleka jalada la maana. Halafu tunakuja sisi na katuni ya kijani tunamwambia binti wa miezi mitatu kazini, aliye kwenye majaribio, aache kiti chake wazi mara kumi na tano kwa siku mbele ya mlango wa bosi. Jamani, nani mjinga hapo? Binti?

Na isikilizeni lugha yenyewe. Mkutano wa kazi tunauita nini? Kikao. Anayeuongoza? Mwenyekiti. Ofisi kuu ya shirika? Makao makuu. Nikitaka kujua nyumbani kwako nakuuliza, unakaa wapi? Mgeni akifika mlangoni, kabla ya maji, kabla ya habari, anaambiwa karibu ukae. Usipomkalisha umemfukuza. Mdogo ndiye anayesimama, mkubwa akiingia. Sasa mwambie huyo mdogo asimame katikati ya kikao huku mwenyekiti amekaa, eti anashusha sukari ya damu! Ataonekana anaondoka kwa hasira.

Wenzetu Uingereza walilifanyia kazi hili kwa upana kuliko sisi. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la BMJ, watumishi 756 wa halmashauri za Leicester, Liverpool na Manchester na viunga vyake. Kundi moja liliendelea kama kawaida. La pili lilipewa mpango mzima: elimu, watu maalumu wa kuhamasisha wenzao kazini, mabadiliko madogo ya mazingira, uungwaji mkono wa wakubwa. La tatu lilipewa hayo yote pamoja na meza ya kupandishwa na kushushwa. Baada ya miezi 12, kundi la pili lilikuwa limepunguza kukaa kwa dakika kama 22 kwa siku kulinganisha na waliobaki kama kawaida. Lenye meza, kama dakika 64. Yaani meza, kitu kisicho na betri wala arifa, iliongeza dakika arobaini na kitu. Meza inamruhusu mtu asimame bila kuacha kiti chake kitupu! Yuko palepale, anaonekana, anachapa kazi. Meza ile ni ndugu yake koti.

Bei yake? Nilimtajia ofisa ugavi mmoja. Alinikaribisha nikae.

Basi tukafikiri: kama tatizo ni bosi, arifa ya kwanza iende kwa bosi. Mkuu wa kitengo alikuwa muungwana, akakubali. Programu ikawa inamwambia, "Una neno na mtu fulani? Usimpigie simu ya mezani, mwendee." Akaanza kuzunguka ukumbini. Mara sita, mara nane kwa siku. Mnadhani ilikuwaje? Watu waliganda! Kila akitoka ofisini kwake migongo inanyooka, vidole vinachapa kwa kasi ambayo sijaiona tena. Walidhani ni doria. Wiki ile bosi alitembea sana, na afya yake naiombea, lakini ukumbi ulikaa kuliko wakati wowote tangu tuanze.

Na kabla sijasema tulipotokea, hapa nasimama kidogo, maana mko maofisa rasilimali watu mmeanza kuandika.

Mwisho wa mwezi uongozi wa juu wa ofisi ile ulituomba ripoti. Majina kwa majina. Nani anakaa sana, tumsaidie. Nilikuwa nusura nibofye kutuma. Mwenzangu akaniuliza swali moja: "Ripoti ya anayekaa sana, ukiigeuza juu chini, inakuwa ripoti ya nini?" Ya asiyekuwepo kitini. Ya watoro. Tulikuwa tumejenga mashine ya kuhesabu makoti! Januari 2016 gazeti moja kubwa la London, Daily Telegraph, liliweka visanduku vya vihisi chini ya meza za waandishi, vinavyotambua kama kuna mtu au hakuna. Wakasema ni kwa ajili ya kupunguza matumizi ya nishati. Chama cha waandishi kikapiga kelele, vikaondolewa siku hiyohiyo. Nia inaweza kuwa njema kabisa, kidude kikibaki kilekile.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kama ile ya Kenya ya 2019, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Lakini msisubiri sheria. Sisi tuliamua hesabu ya mtu ibaki ndani ya simu yake. Kinachotoka ni jumla ya chumba, na chumba chenye watu watatu hakitoi chochote, kwa sababu jumla ya watu watatu haina siri. Uongozi haukufurahi. Mkataba wetu haukuongezwa mpaka mkuu wa kitengo alipotutetea. Niseme ukweli, nililala vibaya wiki mbili.

Sasa chai.

Pale ofisini yupo mama anayehudumia chai. Saa nne kamili anapita meza kwa meza na sinia: chupa, vikombe, maandazi. Bosi anapelekewa ndani, kwenye kikombe chenye kisahani. Nikaona hapa ndipo penyewe. Watu hamsini na kitu wana sababu halali ya kuinuka, inayoheshimiwa na kila mtu, na sisi tumeiwekea miguu ya mama. Nikaenda kwa bosi: chai iwekwe mwisho wa korido, dirishani. Akakubali papo hapo. Nikatoka kifua mbele.

Mama alinisubiri ngazini. "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikababaika. "Chai ikijifuata yenyewe huko koridoni, mimi nalipwa kwa kazi gani?"

Miezi yote ile nilikuwa nimewahoji wahasibu, makarani, mabosi. Yeye sikuwahi kumuuliza jambo. Na ndiye peke yake katika jengo zima aliyekuwa anatembea, konda wetu, na mimi nilikuja kumshusha kwenye basi.

Nikakaa naye chini, nasema kweli, tulikaa, kwenye vigoda vya jikoni. Na mpango uliotoka ni wake. Chai ikahamia koridoni, lakini yeye ndiye mwenye meza ile. Saa nne anasimama mlangoni mwa ukumbi, anagonga kijiko kwenye kikombe mara tatu. Hakuna anayebaki. Arifa yangu mtu aliizima kwa kidole. Kijiko cha mama utakizimaje? Atakuuliza mbele za watu, "Leo umeninunia?" Saa tisa anagonga tena, maji ya kunywa na matunda. Bosi naye hapelekewi, akaja mwenyewe siku ya kwanza, amesimama dirishani na kikombe, na yule binti wa majaribio akamwona mkuu wake akiwa wima, nje ya kiti, saa za kazi.

Hatukumfunga mtu kihisi pajani, kwa hiyo sitawapa asilimia. Na msinipigie makofi mapema: sukari tunayoishusha kwa kutembea korido, wengi wanaipandisha palepale kwa vijiko vitatu. Nimemwambia mama. Ameniambia nisimfundishe kazi.

Programu bado ipo. Katuni tumeifuta. Asubuhi inauliza kila mtu swali moja, leo upo au uko safarini, halafu inampelekea mama ujumbe mfupi kwenye kitochi chake, idadi ya vikombe basi. Jumatano iliyopita ujumbe ulichelewa dakika saba. Alinipigia.